Aliyefia Kamera Sharti Acheke

Uvumi wenyewe niliusikia kwenye foleni ya mchele wa serikali, na tangu hapo haukunitoka kichwani. Nikichambua mchele, upo. Nikiwasha taa ya jioni mbele ya miungu, upo. Ulisema hivi: Jayadevan, yule mwongozaji wa filamu za tuzo, hawaruhusu maiti wake wacheke.

Mnaonifuata kila wiki mnaelewa. Kwa aliyefungua gazeti leo, nitasema upesi. Huku kwetu Kerala, mwigizaji akifa kwenye picha, akalazwa, akafunikwa sanda, hainuki hivi hivi. Kamera ileile iliyomwona amekufa sharti imwone akicheka, hata kidogo, meno yaonekane, ndipo ainuke akanawe uso. Watu wa filamu za nyimbo na ngumi hawasahau. Jayadevan yeye huona ni upuuzi. Na kwenye foleni walisema kuna mzee alifia kwenye picha yake iliyopita, akainuka bila kucheka, na mvua za mwaka ule hakuzimaliza.

Na binti yangu wa pekee, Ambili, alikuwa kwa Jayadevan.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeshuka basi mjini Ottapalam, nimempigia simu mtu pale stendi, nimefika kwenye nyumba ya ukoo waliyopangishiwa watu wa Jayadevan, nimesukuma mlango. Mnakumbuka nilichokiona. Ambili chali juu ya jani la mgomba, sanda mpaka kidevuni, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa uzi, utambi unawaka kwenye kifuu cha nazi kichwani pake.

Nilipiga ukelele ambao hata mimi sikuujua kuwa ni wangu.

Nikaruka ngazi, nikapiga magoti, nikamshika mabega.

"Ambili. Ambili, amka. Ni mama."

Hakufumbua jicho.

Nikamtikisa. Kichwa kikaenda kule, kikarudi huku. Nikamfinya juu ya kiwiko, palepale nilipokuwa nikimfinya utotoni akisinzia kwenye sala. Hakushtuka. Akina mama wenzangu, mwili ulikuwa na joto, mshipa wa shingo unacheza, na bado mwanangu alinifia mikononi makusudi.

Kisha sauti ya mwanamume, ya taratibu, ikasema, "Kata."

Ambili akafumbua macho. Neno lake la kwanza kwangu baada ya majuma mengi ya kutoonana lilikuwa hili: "Mama, umeniharibia."

"Hajaharibu," ile sauti ikasema. "Msimguse. Hajaharibu kitu."

Nikageuka. Jayadevan alikuwa mtu mwembamba, shati la pamba lisilojua pasi, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nyuma yake alisimama Moideen, mpiga picha, na mbele ya Moideen kamera juu ya miguu yake mitatu, jicho lake jeusi likinitazama mimi.

Jayadevan akachuchumaa karibu yangu.

"Mama, mimi nimeshaomba wanawake wengi walie. Wamelia. Lakini hakuna aliyenipa ukelele kama huu. Naomba ruhusa yako niubakize."

"Kwani mlikuwa mnapiga?"

"Picha na sauti pamoja. Sisi hatungoji kwenda kuweka sauti studio."

Ambili akaanza kuinuka. Nikambana mabega chini.

"Usinyanyuke."

"Mama, jani limenishika mgongo."

"Likushike. Bwana Jayadevan, kwanza mwanangu acheke."

Jayadevan akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mambo hayo ni ya kwa kina Varkey na nyimbo zao, mama. Msichana wa hadithi hii amekufa kwa sababu katika nyumba nzima hakuna aliyemuuliza kama amekula. Sasa nimwambie akenue meno?"

"Hadithi ni yako. Msichana ni wangu."

Moideen akakohoa kwenye ngumi yake. Kisha akasema, "Kaka, mkanda umebaki kipande kimoja. Na kamera inaondoka na treni ya saa kumi."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mambo yalivyobana. Kamera ilikuwa ya kukodi kutoka Madras. Mchana ule ulikuwa wa mwisho. Ikishapanda treni, kicheko cha mwanangu kimepanda nayo.

"Basi hicho kipande kinatosha," nikasema. "Kicheko si kirefu."

"Kina kazi," Jayadevan akajibu. Akanyoosha kidole. Kupitia uwazi wa ua wa katikati, jua lilikuwa limeanguka sakafuni, kipande cha mraba, kinatambaa kuelekea tulipo. "Likifika pale alipolala, jani likiwa limeondolewa, ndio mwisho wa filamu yangu. Sakafu tupu, na jua."

"Sakafu."

"Ndiyo, mama."

"Mkanda wa mwisho unamnyima mtoto wangu, unaipa sakafu."

Nje gari likapiga honi, ndefu, ya mtu asiyezoea kungoja.

Ambili akageuza shingo. "Mama. Umemwita Varkey?"

Nilimpigia pale stendi. Ndiyo, nilimpigia, na ningempigia hata mkuu wa polisi.

Varkey akaingia, mnene, shuka nyeupe kiunoni imepigwa wanga mpaka inalia akitembea, msalaba wa dhahabu kifuani. Huyu ndiye mtayarishaji aliyemwingiza Ambili kwenye sinema mara ya kwanza. Picha zake zinajaza watu mpaka wanakaa kwenye ngazi. Akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa.

"Jayadevan, bwana mkubwa. Wafu hawajambo?"

"Wamelala. Si kama wako, wanaoamka kabla ya mapumziko."

"Wangu wanaamka kwa sababu watu wamekuja kuwaona wakiamka. Wako wakilala, na watazamaji wanalala. Niliiangalia ile yako ya juzi. Mwanamke anatoka mlangoni, anakwenda kisimani. Nikatoka nje, nikanywa chai, nikanunua karanga, nikakutana na shemeji yangu tukaongea habari za harusi ya bintiye. Narudi ndani, bado hajafika kisimani."

"Kisima kilikuwa mbali."

"Si ungempa baiskeli."

Safari hii Moideen hakuficha kicheko. Hata Jayadevan mdomo ulicheza pembeni. Nikaona watu hawa wanajuana siku nyingi, wanatukanana kama ndugu waliogawana shamba. Lakini mimi nilikuwa natazama jua. Lilikuwa limefika kwenye nguzo.

"Ambili, binti," Varkey akasema, na sauti yake ikabadilika. "Mwezi ujao unasimama na Prathapan."

Nani asiyemjua Prathapan. Steringi ambaye picha yake ikitoka, vijana wanapanda ngazi kabla hakujapambazuka kulimwagia maziwa bango lake.

"Habari kwamba unafia kwa Jayadevan zimeshamfikia," Varkey akaendelea. "Amesema hasimami karibu na msichana aliyefia kamera akaondoka kimya. Si mimi, ni yeye. Na vijana wake wakisikia, watapasua viti."

"Asisimame," Ambili akasema, amelala vilevile, anaongea na dari. "Nimeshakuwa dada yake kwenye picha tatu. Zote natekwa kwenye gari jekundu, anakuja kunitoa. Sijawahi kupewa neno zaidi ya 'Kaka'. Hapa nimekufa tu, na nimesema mengi kuliko huko."

"Umesema vizuri," Varkey akakiri. "Ningekuwa na mahali pa kuliweka neno hilo kwenye picha yangu, ningeliweka. Lakini cheka, mwanangu. Mama yako amebadilika rangi."

Nikapata wazo. "Kaka Varkey, wewe huna kamera? Acheke kwenye yako."

Akatikisa kichwa. "Haiwezekani, dada Bhargavi. Huwezi kufia kwa jirani ukaja kuchekea kwangu. Kamera iliyommeza ndiyo imtapike."

Jua likaiacha nguzo. Moideen alishafungua sanduku la kamera na kulipangusa, mtu anayetaka kazi iishe asifokewe Madras.

Nikasimama.

"Bwana Jayadevan. Unautaka ukelele wangu?"

"Naam."

"Basi tubadilishane. Nipe kicheko, chukua ukelele. Ukininyima, popote utakapoionyesha filamu hii, hata kama ukumbini wapo watu sita, nitasimama mlangoni niwaambie sauti ile ya mama imechukuliwa kwa nguvu."

"Huwa wanafika kumi na wawili," Varkey akasema. "Tuwe wa haki."

Jayadevan hakucheka. Alitazama sakafu yake. Nasema sakafu yake kwa sababu aliitazama hivyo, kama mtu anayetazama ng'ombe anayeuzwa. Aliniambia baadaye kwamba alikuja kwenye nyumba ile mara nyingi kabla ya kupiga picha, kuangalia tu jua linavyopita.

"Ukelele au sakafu," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Moideen. Mgeuzie kamera."

Varkey akainuka kwenye kigoda. "Amekubali? Mimi nimembembeleza miaka mingi aweke wimbo mmoja tu, hata wa mazishi, akakataa."

Nilifikiri nimeshinda. Nilishukuru miungu yote ya njiani, hata ya watu wengine.

Ndipo Ambili akasema, "Sicheki."

"Nini?"

"Sicheki, mama. Nimeishi na huyu msichana mwezi mzima. Nimekula alivyokula. Saa hizi ndiyo kwanza amekufa, na mimi nimkenulie meno juu ya mwili wake? Siwezi."

"Huyo msichana hayupo, Ambili. Ni wa kuandikwa."

"Yupo zaidi ya dada wa Prathapan."

Nikamwomba. Nikamtajia bibi yake, nikamtajia homa aliyougua mtoto nikakesha naye. Macho yake yalijaa machozi. Nikaona nazidi kumliza ninapotaka acheke.

Varkey akaingia kazini. Akapandisha shuka magotini, akatembea kama Prathapan, bega moja mbele, akazungusha miwani ya jua hewani kabla ya kuivaa, akaikosa, ikaanguka. Watu wa taa walishika mbavu. Ambili alivuta pua tu.

"Tabasamu basi," nikasema. "Onyesha meno tuondoke."

"Hapana," Jayadevan akadakia. "Nimeshatoa sakafu yangu. Acheke kweli au mkanda ubaki. Kicheko cha uongo sikipigi."

Mnaona balaa. Kwanza alikataa acheke. Sasa anakataa acheke vibaya.

Nje, riksho ya kwenda stesheni ilishafika. Dereva anapiga honi. Moideen akanitazama kwa huruma, mkono kwenye kamera.

Hasira ikanipanda. Si kwa Jayadevan. Kwa mwanangu. Kwamba nilimtikisa akaniacha nimtikise. Kwamba nilimfinya akasikia, akanyamaza, kwa sababu mtu mwembamba hakuwa amesema "kata".

"Sogea," nikamwambia.

"Mama?"

"Sogea kwenye jani. Usiinuke, sogea tu. Nataka uone mimi nilichokiona mlangoni."

Nikalala ubavuni pake. Nikavuta sanda mpaka kidevuni. Nikaweka mikono kifuani, nikaunganisha vidole gumba vya miguu, nikafumba macho. Jani lilikuwa baridi. Moshi wa utambi uliniingia puani.

"Haya," nikasema. "Mama yako amekufa. Nitikise."

Mahali fulani juu yangu mashine ilianza kuzunguka, sauti ndogo kama ya panzi kwenye kopo. Niliisikia. Nawaambia niliisikia, nikadhani inamwangalia yeye.

Mkono wake ukanigusa bega, taratibu.

"Mama."

Sikujibu. Nilitaka aonje.

"Mama, basi. Nimeelewa."

Ningenyamaza pale, mambo yangekuwa mengine. Lakini nilikuwa nimetoka nyumbani alfajiri, na mtu akilala chali ndipo anakumbuka kila alichokiacha.

"Uji uko kwenye chungu," nikasema, macho nimefumba. "Jirani atausahau motoni. Ukinizika, usinivishe ile sari ya kijani, imechuja kwenye pindo. Na shangazi yako asikae mbele, atalia kwa sauti ili aonekane, na sahani zangu alizoazima hajarudisha."

"Mama, maiti hawasemi."

"Wa Jayadevan ndio hawasemi. Mimi bado nina mambo."

Kitu kikamtoka kooni. Kwanza nilidhani ni kilio, nikafumbua jicho moja. Alikuwa ameziba mdomo. Akauachia. Akacheka, Ambili wangu, akacheka kama alivyokuwa akicheka akiwa mtoto, siku mbuzi wa jirani alipokula mkoba wake wa shule, mdomo wazi, machozi yakimtiririka masikioni, meno yote nje. Akajaribu kuacha, akaniangalia nilivyolala na jicho moja, akaanza upya.

Kamera ikalia tak-tak-tak, ikanyamaza.

"Mkanda umeisha," Moideen akasema. "Kipo. Kicheko kipo chote."

Nikainuka, nikamwinua. Nikambusu paji la uso. Varkey akafanya ishara ya msalaba, kisha akaomba chai. Moideen na vijana wake wakalaza kamera sandukuni, wakaifunga mikanda, wakaipakia. Riksho ikaondoka nayo, vumbi likabaki.

Sisi tulibaki ukumbini tunacheka ovyo, kama watu waliokoswa na gari. Mtu akaliondoa lile jani. Ndipo jua likafika. Likatandaza mraba wake palepale tulipokuwa tumelala, na sakafu nyeusi ikang'aa kama maji. Jayadevan alisimama mikono nyuma, analitazama peke yake, bila kamera, mpaka likapita. Kwa kweli lilikuwa zuri. Hata Varkey aliacha kunywa chai.

"Ungeniuzia hiyo," akamwambia taratibu, "ningeiweka kabla ya wimbo."

"Najua," Jayadevan akasema.

Varkey akaaga. Akafika mlangoni, akavaa viatu. Mguu wa pili ukabaki hewani.

Akageuka.

"Dada Bhargavi. Pale ulipolala, kamera ilikuwa inazunguka?"

"Nilikuwa namwonyesha mtoto."

"Najua ulikuwa unamwonyesha. Ulifunikwa sanda?"

"Mpaka kidevuni."

"Ukafumba macho. Ukasema umekufa."

"Kaka Varkey, ilikuwa mzaha."

"Wote huwa mzaha, dada." Hakuwa anatania tena, na mtu yule akiacha kutania anazeeka ghafla. "Nakuuliza hivi. Wewe ulicheka?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nikatafuta. Nilikuwa nimekunja uso wakati wote, nimekasirika, nimefumba. Nilipofumbua jicho sikucheka, nilimtazama yeye. Nilipokuja kucheka, sanduku lilishafungwa.

Nikamtazama Moideen. Yeye alikuwa amebaki kukunja nyaya. Alikuwa ametazama kila kitu kupitia kile kioo, na sasa alitazama nyaya tu.

"Moideen," Jayadevan akamwita, sauti imekauka. "Mama alicheka?"

Moideen akatikisa kichwa.

"Basi ni upuuzi tu," Jayadevan akasema haraka. "Mambo haya hayana maana yoyote, mama. Hayana." Akavua miwani. Akaivaa. Hakuifuta.

Kutoka upande wa mto treni ikapiga king'ora chake cha kuingia stesheni.

Nikamgeukia Ambili. Mwanangu aliyesema hachekei wafu, aliyesema haya ni mambo ya watu wa nyimbo na ngumi, amesoma chuo, amewahi kunicheka nikigeuza viatu vilivyolala kifudifudi. Uso wake ulikuwa mweupe kama ile sanda.

"Cheka, mama," akaninong'oneza. "Cheka sasa hivi."

"Kwa nani, mwanangu? Kamera haipo."

Akanishika mashavu kwa mikono miwili, kama vile angeweza kunifungua meno mwenyewe. Kisha akaniachia. Akashuka ngazi bila viatu, ule uzi bado umening'inia kwenye kidole gumba cha mguu mmoja, akapita mlango mkubwa, na nikasikia miguu yake ikipiga barabara kuelekea stesheni, na Varkey nyuma yake akimwita dereva awashe gari.

Mimi nilibaki nimekaa sakafuni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe mdomoni. Midomo ilikuwa imefumba.

Wazazi wenye watoto wanaoitamani kamera, wakati treni ile inapumua pale stesheni na mwanangu anakimbia, nawaachia haya ya kuepuka:

Usimpeleke mtoto kwa mwongozaji kabla hujauliza maiti wake wanainukaje.

Usiingie nyumba wanapopiga picha bila kugonga.

Usiseme picha za nyimbo ni za wajinga. Wajinga hao wanakumbuka kucheka.

Usiseme picha za tuzo hazina moyo. Nimemwona mwenye nazo akitoa sakafu yake.

Usitoe ukelele wako bure.

Usimkasirikie mtoto akiwa amelala, hata kama anakufanyia makusudi.

Usilale mahali pake, kwa hasira wala kwa mzaha, kabla hujajua kamera inamwangalia nani.

Na usije ukasema mtoto wako haamini mambo haya. Ngoja kwanza umwone anavyokimbia pekupeku.